Kazi ya Babu, Jina la Mjukuu

Ukiambiwa mtu anaitwa Mkumbo, Ntandu, Msengi au Mughwai, huhitaji kumuuliza kwao ni wapi, Singida imeshajitaja. Lipo kundi jingine la majina ambalo halitaji kijiji wala kabila: Fundi, Karani, Jumbe, Mwalimu, Nahodha, Waziri. Haya ni majina ya kazi na vyeo. Yametapakaa Tanzania nzima, na katika Singida, mkoa uliopitiwa na kila aina ya msafara, yana historia ndefu kuliko yanavyoonekana. Siku hizi yamepata ndugu wa mbali. Mason, Taylor na Carter yalikuwa majina ya ukoo ya Waingereza wa kale, leo wanapewa watoto wachanga. La kwanza ni mwashi, la pili mshonaji wa nguo, la tatu mwendesha mkokoteni.

Uingereza ilihitaji karne kadhaa kuigeuza kazi kuwa jina la ukoo, na karne nyingine kulirudisha jina hilo kwa mtoto mchanga. Huku kwetu vizazi vitatu vinatosha. Sababu yake iko katika namna tunavyoyapanga majina, na namna hiyo haikuanguka kutoka mbinguni.

Kabla ya mafundi

Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu waliishi kwa uwele, mtama na ng'ombe. Kusini, upande wa Manyoni, walikuwako Wagogo na Wakimbu; kaskazini, kuelekea Ziwa Eyasi, Wahadzabe waliwinda na kurina asali. Nyumba ilikuwa tembe: nguzo za miti, kuta za fito na udongo, juu paa bapa la udongo. Mwenye mji aliijenga mwenyewe pamoja na majirani, na malipo yao yalikuwa pombe. Mawe ya Singida, yale majabali makubwa yanayomshangaza mgeni hadi leo, yalibaki palepale yalipo. Hakuna aliyehitaji mwashi.

Katika jamii ya namna hiyo, jina la kazi halina kazi. Ukimwita mtu Mkulima mahali ambapo kila mtu analima, hujamtambulisha. Ukimwita Mwindaji huko Eyasi, wataitika wanaume wote. Mtoto alipewa jina kutokana na msimu aliozaliwa, tukio lililoipata familia au mzee aliyetangulia. Wamarekani wanaowaita wavulana wao Hunter wanaweza kufanya hivyo kwa sababu uwindaji umeshawatoka mikononi.

Kule Uingereza hali ilikuwa tofauti. Katika karne ya 13 na ya 14 kijiji kilikuwa na mhunzi mmoja, msaga nafaka mmoja na mwezekaji wa nyasi mmoja, lakini kilikuwa na akina John chungu nzima. Serikali ilipotoza kodi ya kichwa mwaka 1377, 1379 na 1381, makarani walilazimika kutenganisha John na John. John mhunzi akaandikwa Smith, John msaga nafaka akaandikwa Miller. Watoto wao wakalirithi jina hata kama hawakurithi nyundo wala jiwe la kusagia. Likumbuke daftari hilo la kodi, maana na Singida lilifika, miaka mia tano hivi baadaye.

Njia ya Mgunda Mkali, 1857–1890

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulipomaliza Ugogo ulikabiliana na Mgunda Mkali, pori kavu la Manyoni na Itigi ambalo wapagazi walilivuka mbiombio kwa kuhofia kiu. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walikwisha kuizoea njia hiyo zamani.

Msafara ulikuwa kijiji kinachotembea, na ndani yake kila mtu alikuwa na kazi yenye jina. Kirangozi alitangulia na bendera. Wapagazi walifuata na mizigo ya frasila mbili mbili. Askari walilinda, mnyapara aliwasimamia wenzake, mkalimani alizungumza na watemi juu ya hongo ya kupita katika nchi zao. Hapo ndipo watu wa bara ya kati walipouona kwa karibu mgawanyo wa kazi usiotegemea ukoo wala umri, na waliuona kwa Kiswahili. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tangu mwanzo, kazi ya ujira huku haikuzungumza Kinyaturu wala Kinyiramba. Mtu aliyerudi kwao baada ya miezi kadhaa njiani alirudi na kitambaa, na mara nyingine na jina jipya ambalo mama yake hakuwahi kulisikia.

Mkutano huo haukuwa wa amani daima. Mwezi Januari 1875 msafara wa Stanley uliingia Ituru, nchi ya Wanyaturu, ukapigana na wenyeji karibu na Vinyata na kupoteza watu wengi. Stanley alikuwa hodari wa kuorodhesha majina ya wapagazi wake, waliokufa, waliotoroka na waliobaki. Yeye mwenyewe alizaliwa John Rowlands. Stanley ni jina alilojitwalia ukubwani. Mwandika majina ya wenzake alikuwa ameliacha la baba yake nyumbani.

Boma na daftari, 1890–1918

Wajerumani walijenga kituo Kilimatinde katika miaka ya 1890, baadaye boma huko Mkalama na jingine Singida. Wanyaturu hawakuwapokea kwa mikono miwili. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 walipambana nao, na kumbukumbu ya mwanamke aliyewaongoza, Liti, imebaki hadi kwenye uwanja wa mpira wa mjini, ambao zamani uliitwa Namfua. Simulizi husema aliwatumia nyuki kama jeshi lake. Kazi yake katika jamii ilikuwa uganga na uaguzi, lakini jina lililosalia ni lake mwenyewe, na cheo chake hakikumfuata.

Boma lilileta vitu viwili vinavyohusu habari yetu. Cha kwanza ni ukuta wa mawe. Kwa mara ya kwanza majabali ya Singida yalikatwa, yakachongwa na kupangwa kwa chokaa, na wakahitajika watu wa kufanya hivyo: fundi mwashi, fundi seremala, na vibarua wa kubeba. Wengi wa mafundi wa mwanzo walitoka pwani. Mwenyeji aliyejifunza kwao alipata sifa isiyokuwepo kabla, ya mtu mmoja anayejua kitu ambacho kijiji kizima hakijui. Mtu huyo sasa angeweza kuitwa Fundi, na kila mtu akajua ni nani.

Cha pili ni daftari. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898. Jumbe aliwahesabu watu wake, akida akamsimamia jumbe, karani akaandika. Karani hakuwa na nafasi ya majina ya utotoni, ya heshima, na yale yanayotajwa na wakwe tu. Alitaka jina la mtu na la baba yake, basi. Kama mtu alijulikana kijijini kwa jina la kazi, hilo ndilo alilotaja, au jumbe alilomtajia. Anayetaka kuelewa majina ya Watanzania angeanza na karani huyo mwenye haraka kabla ya kwenda kwenye mila.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu ilipatikana Sekenke, Iramba, na mgodi ukafunguliwa. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilikata katikati ya Manyoni na Itigi. Vita ilipowabana Wajerumani, mwaka 1916 walitengeneza huko Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mwaka huohuo majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Singida. Boma likabadilisha bendera, daftari likaendelea.

Jina linavyosafiri, 1919–1961

Waingereza walitoza kodi ya kibanda na ya kichwa, na kwa hiyo walitaka orodha zilizo kamili zaidi. Vijana wa Singida, ili wapate fedha za kodi, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba na kipande cha kujaziwa siku zake za kazi. Wengine walishika ajira ya reli, au ya mgodi wa Sekenke. Katika miaka ya 1930 ilijengwa hata reli ya tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, Iramba, ikaja kung'olewa muongo uliofuata. Stesheni masta, fayamani, mpishi, dereva, karani, boi: kila ajira ilikuwa na jina, na kila jina lilirudi kijijini na mshahara.

Tuutazame utaratibu wenyewe kwa mfano. Chukua mtu wa Iramba aitwaye Juma, aliyejifunza uashi kwenye majengo ya misheni, na watu wakamwita Fundi mpaka jina Juma likasahaulika. Anapata mtoto, Hamisi. Shuleni Hamisi anaandikwa Hamisi Fundi, kwa sababu jina la pili ni la baba. Hamisi anapata mtoto, Ally. Huyu ni Ally Hamisi Fundi. Katika kizazi hiki Fundi limeshakuwa jina la mwisho, lile linaloitwa la ukoo kwenye fomu, ingawa babu alilipata kwenye mwiko na chokaa. Ally hajui hata kukoroga zege. Anapata mtoto wa kiume. Mtoto atakuwa fulani Ally Hamisi, na Fundi limefika ukingoni mwa fomu, linaelekea kudondoka.

Hapo njia ni mbili. Ally anaweza kuligandisha, aseme kuanzia sasa Fundi ndilo jina la ukoo wetu, kama wasomi wengi walivyofanya. Au anaweza kufuata desturi iliyoenea karibu nchi nzima ya kumrithisha mjukuu au kitukuu jina la mzee, na mtoto akaitwa Fundi tangu siku ya kwanza. Mtoto huyo hakuitwa hivyo kwa sababu wazazi wanaupenda uashi. Ameitwa kwa sababu ya babu. Mwenye jina na mwenye kupewa jina ni masomo, na bibi akimbeba atamwita mume wangu kwa utani. Ukiniuliza, mvuto wote wa jina la kazi katika nchi hii uko hapo. Kazi ilikuwa kibandiko. Aliyebandikwa ni mtu, na anayekumbukwa ni mtu.

Misheni nazo zilikuwa na namna yao. Walutheri wa Leipzig walifika Iramba muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 Wamarekani wa misheni ya Augustana wakachukua kazi. Shule ya ualimu ya Kinampanda na hospitali za Kiomboi na Iambi zilitokana na Walutheri hao. Majina ya ubatizo yalitoka katika Biblia, kwa hiyo Singida ikajaa akina Elia, Lameki, Lazaro na Yohana, na majina ya kazi hayakupata mlango hapo. Au yalipata mlango wa nyuma, maana Joji, jina lililoletwa na Wazungu kama la mtakatifu, kwa Kigiriki ni mkulima. Wazazi waliomkataa Mkulima kwa kuwa ni jina la kila mtu walimbatiza bila kujua.

Wamisionari wenyewe walikuwa na majina ya kustaajabisha kwa mtu anayejali mambo haya. Wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Sweden: Danielson, Johnson, Olson. Yote ni mwana wa fulani. Kwa Waswidi wa vijijini, hadi karne ya 19, mtoto wa kiume wa Ola alikuwa Olsson na mjukuu akabadilika kulingana na jina la baba yake, kama vile tu Hamisi Fundi na Ally Hamisi. Sheria ya majina ya mwaka 1901 ndiyo iliyoyagandisha kule Sweden. Howard Olson, aliyekichunguza Kinyaturu kitaalamu na kuzitia nyimbo za kanisa tuni za Kinyaturu, alikuwa na jina lililotokana na utaratibu uleule aliokuta unaendelea Singida, tofauti ikiwa kwamba lake lilikwisha kuganda.

Na mtaalamu wa Marekani aliyekaa na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, kisha mwaka 1970 akaandika kitabu juu ya ng'ombe, nafaka na uchumi wao, aliitwa Harold Schneider. Schneider kwa Kijerumani ni mshonaji wa nguo. Hakuna aliyempelekea kitambaa.

Vyeo vinapofutwa, 1961–1985

Singida ikawa mkoa mwaka 1963, na mwaka huohuo serikali ilifuta utawala wa machifu. Watemi na majumbe walipoteza ofisi, mishahara na haki ya kuamua kesi. Majina hayakuguswa. Tena nadhani yalinufaika. Jumbe aliye madarakani hutoza kodi na kuchukiwa. Jumbe aliyebaki jina tu ni babu wa watu. Zanzibar ilikuwa na Rais Aboud Jumbe kuanzia mwaka 1972, na hakuna aliyedhani ni jumbe wa kijiji. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza pia: Fletcher, mtengeneza mishale, lilipendeza kama jina baada ya bunduki kuimaliza kazi yenyewe. Jina la kazi linaanza kung'aa pale ambapo halimtumi mtu tena.

Zama za Uhuru zilitawaliwa na jina moja la kazi lililowapita wote. Julius Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, akaacha ualimu kwa ajili ya siasa, lakini nchi iliendelea kumwita Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999. Agosti 1977 alikwenda Washington kukutana na Rais Jimmy Carter. Mwalimu kweli aliwahi kushika chaki. Carter alikuwa mkulima wa karanga, na mwendesha mkokoteni wa ukoo wake aliishi Uingereza karne nyingi kabla. Mmoja alikuwa na jina la kazi lililo hai, mwingine na lililokauka, na bado wote wawili waliitwa kwa kazi.

Kufikia hapo vijiji vya Singida vilikuwa vimepangwa upya katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, na elimu ya msingi kwa wote ilikuwa inaingia. Hili lilimaliza kilichoanzishwa na karani wa kodi. Kila mtoto aliandikishwa shule, kila mtoto alitakiwa kuwa na majina matatu, na mwalimu mkuu aliyekosa la tatu alilidai kwa mzazi papo hapo. Familia ambazo hazikuwahi kufikiria zina jina gani la mwisho zilipata moja mbele ya meza ya uandikishaji.

Vyeo vya heshima navyo vilitolewa kama dua. Waziri, Sultani, Amiri na Hakimu yalikwisha kuzoeleka miongoni mwa Waislamu. Jenerali Ulimwengu, mwandishi maarufu aliyezaliwa Ngara mwaka 1948, ni jenerali kwa jina tu. Majina haya ni tofauti na Fundi wa Iramba tuliyemwona. Yale ya cheo yanatangulia mbele ya mtoto na kumsubiri. Lile la mwashi linatoka nyuma yake.

Mason, 1990 hadi leo

Runinga za binafsi zilipofunguliwa katika miaka ya 1990, na simu janja baadaye, majina yalianza kuingia bila karani, bila padri na bila babu. Marekani ilikuwa imeingia katika mtindo wa kuwapa watoto majina ya ukoo yenye asili ya kazi. Taylor na Tyler (huyu wa pili ni mwezeka vigae) yalipanda sana miaka hiyo ya 1990. Mason lilifuata. Mwishoni mwa mwaka 2009 Kourtney Kardashian alimwita mwanawe Mason, na mwaka 2011 lilikuwa jina la pili kwa wavulana waliozaliwa Marekani nzima. Ukiwauliza wazazi wa kule watakwambia linasikika vizuri, ni fupi, lina nguvu, halijachoka kama John. Ni wachache watakaotaja mawe.

Singida jina hilo lina njia nyingine ya kufikia, yaani mpira. Mei 2021 Mason Mount wa Chelsea alitoa pasi iliyozaa bao pekee la fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, na mabanda ya kuonesha mpira yaliimba jina lake. Mji uliokwisha kuwa na Singida United, na sasa Singida Black Stars, hauhitaji kufundishwa kumpenda mchezaji. Jina linatua kwa mtoto kwa sababu ileile ya zamani: kuna mtu aliyelibeba.

Wazee hulalamika kwamba majina haya hayana maana. Kwa kweli yana maana kupita kiasi, na maana yenyewe iko nje ya dirisha. Katika vilima vya mawe pembezoni mwa mji, watu huketi juani wakiponda kokoto kwa nyundo, debe kwa debe, na mafundi waashi wanapandisha nyumba za tofali mahali ambapo tembe zimekwisha karibu zote. Uashi ni ajira ya kawaida kabisa ya Singida. Ila mzazi anayemwita mtoto Mason hamwoni fundi wa jirani katika jina hilo, kama yule aliyebatiza Joji asivyomwona mkulima. Ugeni wa neno umeificha kazi, na jina likabaki jepesi. Ukiwaambia wazazi wamwite mtoto Mwashi, wengi watakataa wakidhani unamtabiria vibarua.

Mimi binafsi ningechagua Fundi. Lakini kwa namna fomu zetu zilivyo, ugomvi huu utajimaliza wenyewe. Mjukuu wa Ally Hamisi Fundi anaweza kabisa kuandikishwa leo kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa jina la Mason, na iwapo familia imeligandisha jina la ukoo, cheti kitasoma mwashi mwanzoni na fundi mwishoni bila yeyote kushtuka. Isipoligandisha, watoto wa Mason watalichukua jina lake katikati, na wajukuu wake watalibeba mwisho. Kuelekea mwaka 2080, kule Kiomboi au Ikungi, kutakuwa na watu ambao ukiwauliza ukoo watajibu Mason, na watalitamka Mesoni, kwa lafudhi ya kwao.